Neno la Kiingereza Lililotoka Mafurikoni

Katika lugha ya Kiingereza kuna maneno mengi ya kutajia kitu kisichokuwa cha lazima, lakini mawili kati yake yana nasaba ya ajabu, kwa kuwa yote mawili yametoka majini. La kwanza ni superfluous na la pili ni redundant. Maneno haya husikika maofisini, mahakamani na katika vyumba vya wahandisi, na ni nadra anayeyatamka kufikiri mto wala wimbi. Walakini mwenye kuyafumua ataona kwamba superfluous ni neno la Kilatini lenye maana ya kutiririka kupita juu, kama afanyavyo mtungi uliojaa pomoni. Na redundant lina ndani yake neno unda, ambalo kwa Kilatini ni wimbi, likitanguliwa na kiambishi cha kurudia. Kitu kilicho redundant, kwa asili yake, ni maji yaliyojaa hata yakarudi wimbi juu ya wimbi na kupita ukingo. Neno abundant, ambalo kwa Waingereza ni sifa ya neema, limetoka katika wimbi lilo hilo moja. Maji yale yale, basi, yalizaa jina la baraka na jina la kisichotakiwa.

Mashahidi wa kale wa maana hii wako Rumi. Cicero, msemaji mashuhuri wa Kirumi, aliandika katika mwaka wa 46 kabla ya Kristo kitabu kiitwacho Brutus, na humo akasimulia habari za ujana wake. Alipokuwa na umri upatao miaka ishirini na minane alikwenda kisiwa cha Rhodes kujifunza kwa mwalimu Molon. Mwalimu huyo, asema Cicero, alifanya bidii kumzuia, kwa maana maneno yake yalikuwa yakifurika na kumwagika kwa uhuru wa ujana, kama mto uliotoka nje ya kingo zake. Katika sentensi hiyo moja Cicero ameyatumia maneno yote mawili, lile la wimbi na lile la kutiririka kupita juu, na kingo za mto akazitaja pia. Kwa hiyo hapana shaka kwamba kwake picha ya maji ilikuwa bado hai. Na jambo la kuangaliwa ni kuwa hakuona haya sana. Mto unaofurika una kosa, lakini si kosa la mto uliokauka. Mwalimu wa insha aliyepata kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo ajua ni rahisi zaidi kumpunguzia mwenye maneno mengi kuliko kumwongezea asiye nayo.

Superfluous liliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 15, na redundant likalifuata karne mbili baadaye, au pungufu kidogo. Kwa muda mrefu hili la pili lilibaki neno la wasomi. Mshairi John Milton, aliyejua Kilatini kama Mwingereza mwingine ajuavyo njia ya kwenda kwake, alilitumia katika Paradise Lost, iliyotolewa mwaka wa 1667, kwa kueleza mapindi ya nyoka yaliyokuwa yakielea juu ya majani kama mawimbi. Na katika utungo wake juu ya Samsoni, uliotolewa mwaka wa 1671, alilitumia kwa nywele za shujaa huyo kipofu, nywele tele ambazo hazikumfaa kitu tena. Katika mfano wa kwanza neno bado ni la wingi na mawimbi. Katika wa pili limeanza kuinama upande wa kukosa faida. Safari yote iliyobaki imo katika hatua ile ndogo ya miaka minne.

Lakini aliyeuliza swali lenyewe, yaani ni nani anayepasa kuamua kipi ni cha ziada, alimtangulia Milton. Katika King Lear, tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa mbele ya mfalme mwezi wa Desemba 1606, mzee Lear amekwisha kugawa ufalme wake kwa binti zake wawili na amejibakizia mashujaa mia moja tu wa kumfuata. Binti zake wanamshusha: hamsini wanatosha, tena ishirini na watano, tena wanauliza kuna haja gani ya kumi, au watano, na mwisho mmoja wao anauliza hata huyo mmoja ni wa nini. Jibu la mzee ni kwamba haja haipimwi kwa hesabu, kwani hata maskini wa mwisho ana kijitu cha ziada katika umaskini wake, na mwanadamu asiyepewa ila kile cha lazima hana tofauti na mnyama. Neno analolitumia ni superfluous. Msomaji anaweza kuwaona mabinti hao kuwa wakatili, nao ni wakatili kweli. Lakini hoja yao kwa maneno matupu ni hoja ya mweka hazina yeyote, na ndiyo sababu inatisha.

Mpaka hapa kilichofurika ni maneno, nywele na watumishi wa mfalme. Badiliko kubwa lilikuja neno lilipowekwa juu ya watu kwa makundi. Katika mwaka wa 1798 kasisi Thomas Malthus alitoa kitabu chake juu ya idadi ya watu, bila ya kutia jina lake, akidai kuwa watu huzidi upesi kuliko chakula. Chapa ya pili, kubwa zaidi, ilitoka mwaka wa 1803, na ndani yake mlikuwa na maneno ambayo wapinzani wake hawakumsamehe kamwe. Mtu aliyezaliwa katika dunia iliyokwisha kumilikiwa, aliandika, kama wazazi wake hawawezi kumlisha na jamii haina haja na kazi yake, hana haki ya kudai hata tonge; katika karamu kuu ya maumbile hakuwekewa sahani, na maumbile yenyewe humwamuru aondoke. Malthus aliyaondoa maneno hayo katika chapa ya mwaka wa 1806, lakini yalikwisha kusomwa. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana methali yao juu ya mgeni aliyezidi siku zake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nayo si methali ya huruma nyingi. Hata hivyo yampa mgeni jembe, haimtoi mezani.

Baada ya Malthus, jina la redundant population, yaani umma uliofurika, likawa msemo wa kawaida katika Bunge la Uingereza na magazeti yake. Maji yakifurika hutafutiwa mfereji, na mfereji uliotafutwa ulikuwa bahari. Robert Wilmot-Horton, naibu wa waziri wa makoloni, alishika shauri la kuwahamisha maskini kwa gharama ya serikali. Katika mwaka wa 1823, na tena mwaka wa 1825, watu wa Ireland ya Kusini walipakiwa melini kwenda Kanada ya Juu. Safari ile ya pili ilichukua zaidi ya watu 2,000, na mji wa Peterborough uliokua mahali walipopelekwa ulipewa jina kwa heshima ya msimamizi wao, Peter Robinson. Kamati ya Bunge ilikaa mwaka wa 1826 na 1827 kulichunguza shauri hilo. Wengi wa wahamiaji wale walipata mashamba yao wenyewe, jambo lisilowezekana kwao walikotoka. Kwa hiyo haifai kusema kwamba waliangamizwa. Linaloweza kusemwa ni kwamba ardhi waliyokuwa wakilima Ireland haikuwa ndogo kwa kuwa Mungu aliiumba ndogo. Ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wachache.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa wanawake. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1851 ilionyesha kuwa katika Uingereza wanawake waliwazidi wanaume kwa mamia ya maelfu. Miaka kumi na mmoja ikapita, kisha mwezi wa Aprili 1862 gazeti liitwalo National Review likatoa makala ya W. R. Greg yenye kuuliza kwa nini wanawake ni redundant. Greg alikuwa mtu wa ukoo wenye viwanda vya pamba karibu na Manchester, naye mwenyewe aliwahi kuendesha kiwanda kabla ya kushika kazi ya serikali katika idara ya ushuru. Aliandika kama mtu aliyezoea vitabu vya mali. Katika Uingereza na Welisi, alisema, walikuwako mwaka wa 1851 wanawake 1,248,000 wa kati ya miaka ishirini na arubaini ambao hawakuolewa. Wengine wangeolewa kwa wakati wao. Lakini wengi walibaki bila ya nafasi, na hali hiyo aliiona kuwa ugonjwa wa taifa. Dawa yake ilikuwa kuwapeleka nusu milioni katika makoloni, ambako wanaume walikuwa wengi. Akapiga hesabu: meli moja ikichukua wanawake hamsini, safari 10,000 zatosha.

Aghalabu makala ya namna hiyo hukumbukwa kwa sababu ya hesabu yake ya meli. Kuna mahali pengine palipo pazito zaidi. Greg aliwatoa watumishi wa nyumbani katika hesabu ya wanawake wa ziada, ijapokuwa walikuwa mamia ya maelfu na wengi wao hawakuolewa. Sababu yake ni kwamba mtumishi hulishwa na mwanamume na humhudumia mwanamume, na kwa hiyo ametimiza mambo yote mawili yaliyo ya lazima katika kuwa mwanamke. Mwanamke aliyejilisha mwenyewe kwa kalamu au kwa kufundisha, akaishi peke yake, ndiye aliyefurika. Hapa neno lajifichua. Wanawake hawakuwa wa ziada kwa kulinganishwa na chakula, wala na nyumba, wala na kazi iliyokuwapo duniani. Walikuwa wa ziada kwa kulinganishwa na waume. Mtu haitwi ziada mpaka mwingine amekwisha kuchagua kipimo, na mwenye kuchagua kipimo hajihesabu.

Jibu lilikuja mwaka ule ule. Frances Power Cobbe, mwandishi wa Ireland ambaye naye hakuolewa, alitoa makala katika gazeti la Fraser's mwezi wa Novemba, akiuliza tuwafanyeje wanawake wetu wasioolewa. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mlango wa elimu na wa kazi ufunguliwe, ili mwanamke asiyetaka kuolewa aishi kwa heshima, na anayeolewa aolewe kwa mapenzi, si kwa njaa. Uingereza ya wakati ule ilikuwa bado ikiwapeleka wahalifu Australia ya Magharibi, na mambo hayo hayakukoma mpaka mwaka wa 1868. Msomaji wa Greg hakuhitaji kuwa na dhana mbaya kuona ufanani wa safari hizo mbili.

Tena wanawake wenyewe hawakungoja makala. Chama cha kuwatafutia wanawake kazi kiliundwa London mwaka wa 1859. Mwaka uliofuata Emily Faithfull alifungua mtambo wa chapa, Victoria Press, ambao wapangaji wake wa herufi walikuwa wanawake, jambo lililowaudhi sana wanaume wa kazi hiyo. Na katika mwaka huo huo wa 1862 Maria Rye na Jane Lewin walianzisha chama cha kuwasaidia wanawake wa tabaka la kati waliotaka kuhama kwa hiari yao, wengi wao walimu. Chama hicho kilifanya kazi zaidi ya miaka ishirini, na wanawake kiliowapeleka ng'ambo hawakupita sana 300. Greg alitaka nusu milioni.

Neno halikutoka katika nyumba hiyo upesi. George Gissing aliandika riwaya, The Odd Women, mwaka wa 1893, juu ya wanawake waliobaki bila ya mwenzi kama kiatu kisicho na pacha. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, hesabu ya mwaka wa 1921 ilionyesha wanawake kuzidi wanaume kwa karibu milioni moja na robo tatu, na magazeti yakaanza tena kulia juu ya wanawake wa ziada. Wakati huu hata kipimo chenyewe kilikuwa makaburini. Kama palikuwa na upungufu, ulikuwa wa wanaume walioachwa Flanders na Gallipoli. Lakini walioitwa kwa jina la hesabu isiyolingana ni wale waliobaki hai.

Katika karne ya 20 neno lilihama tena, likaingia viwandani. Mfanyakazi ambaye kazi yake haikutakiwa tena aliitwa redundant, na kabla karne haijaisha maana hii ilikuwa imezifunika nyingine zote katika masikio ya Mwingereza wa kawaida. Mwezi wa Juni 1956 kampuni ya magari ya British Motor Corporation iliwaachisha kazi watu 6,000 kwa mara moja, bila ya ilani, na mgomo ukafuata. Fadhaa ya mambo kama hayo ilisaidia kuleta sheria ya mwaka wa 1965, iliyompa mfanyakazi wa namna hiyo haki ya malipo yanayopimwa kwa umri wake na kwa miaka aliyotumika: nusu ya mshahara wa wiki kwa kila mwaka wa ujana, mshahara wa wiki nzima kwa miaka ya makamo, na wiki moja na nusu kwa kila mwaka baada ya kutimiza arubaini na mmoja. Sheria ilikuwa na adabu ya kusema kwamba kilichozidi ni kazi, si mtu. Lugha ya mitaani haikuwa na adabu hiyo. Mtu alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa yeye mwenyewe amefanywa redundant.

Neno hilo limefika Afrika ya Mashariki kwa mlango wa sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inaeleza maana ya redundancy kuwa ni kupoteza kazi bila ya hiari na bila ya kosa la mfanyakazi, pale ambapo huduma zake zimekuwa superfluous; hivyo ndugu wawili waliokaa pamoja katika sentensi ya Cicero wamekutana tena, baada ya miaka elfu mbili na zaidi, katika kifungu cha sheria cha Nairobi. Sheria hiyo yataka ilani ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka uliokamilika. Wasemaji wa Kiswahili, walakini, hawakulifuata wimbi la Kilatini. Wao husema mtu amepunguzwa kazini. Kiingereza kimeona maji yaliyofurika yenyewe. Kiswahili kimeona kitu kilichokatwa, na kitu kilichokatwa kina mkataji. Ama neno ziada, lililotoka katika Kiarabu pamoja na kuzidi na zaidi, halijapoteza uso wake wa heri: mchuuzi akimwongezea mnunuzi nyanya mbili juu ya fungu lake, hakuna aliyefurika.

Wakati wafanyakazi wa viwandani walipokuwa wakiliogopa neno hili, watu wengine walikuwa wakiliinua. Mwaka wa 1948 Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati wa maabara ya simu ya Bell katika Marekani, alitoa maelezo yake juu ya nadharia ya mawasiliano. Alikadiria kuwa karibu nusu ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza ni redundant, yaani mwandishi halazimiki kuyachagua, kwa kuwa mpango wa lugha umekwisha kumchagulia. Haikuwa lawama. Ziada hiyo ndiyo inayomwezesha msikilizaji kurudisha kilichopotea njiani. Lugha isiyokuwa nayo kabisa, herufi moja ikianguka, maana yote huanguka nayo.

Kiswahili ni ushahidi mzuri wa jambo hili, ijapokuwa Shannon hakukitaja. Mtu akisema katika simu yenye kelele, vitabu vyangu viwili vikubwa vimepotea, alama ya ngeli na ya wingi imerudiwa mara tano. Mwanafunzi mgeni huiona kuwa mzigo usio na maana na hutamani ingetajwa mara moja tu. Lakini kelele ikilimeza neno la kwanza, na la pili, na la tatu, msikilizaji bado ajua kwamba vilivyopotea si watu, wala si mbuzi, wala si kimoja. Wimbi limerudi juu ya wimbi, na lililoangushwa na la kwanza limebebwa na la nne. Wahenga walikwisha kusema kwamba akiba haiozi.

Wahandisi waliichukua maana hiyo wakaijenga katika vyuma. Kompyuta iliyoongoza roketi za Saturn V kuelekea mwezini ilifanya hesabu zake kwa njia tatu zilizo sawa, na jibu la wawili likamshinda mmoja aliyekosea. Katika ndege kubwa za abiria kila kiungo cha hatari kina mwenziwe anayekaa bure, akingoja siku ambayo huenda isije. Mweka hazina wa mabinti wa Lear angeuliza huyo wa pili ni wa nini.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago ilipasukiwa na feni ya injini yake ya mkiani. Ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki, yaani ya mafuta yenye shinikizo yanayogeuza viungo vya kuiongozea ndege, ili mmoja ukifa na wa pili ukifa ubaki wa tatu. Mifereji ya yote mitatu ilipita karibu karibu katika mkia, na vipande vya chuma viliikata yote kwa pamoja. Ziada iliyopangwa na wachoraji ikamwagika angani. Katika viti vya abiria alikuwamo Dennis Fitch, rubani mkaguzi wa ndege za aina hiyo, aliyekuwa akisafiri tu na hakuwa na zamu yoyote siku hiyo. Chumba cha marubani kilikuwa kimekwisha kutimia: rubani mkuu Al Haynes, msaidizi wake na mhandisi. Fitch alijitolea kusaidia, akaitwa, akaingia, akashika vipini vya injini mbili za mabawa zilizobaki, na kwa kuongeza moto wa moja na kupunguza wa nyingine akasaidia kuielekeza ndege hata kiwanja cha Sioux City. Ilianguka ilipokuwa ikitua, ikawaka. Ilikuwa na watu 296, na 184 walitoka hai, naye akiwa miongoni mwao.